Mwavuli wa Shangazi Manka

Kigae cha dari husifiwa asubuhi.

Maneno haya mmeyasikia leo kwa mjomba wenu, mlipomkimbilia kumwambia kwamba maharage yenu yamechipua yote, halikukosa hata shimo moja, na kwamba mwaka huu tutakula mpaka tusaze. Alicheka, akasema, "Kigae cha dari husifiwa asubuhi," kisha akaenda zake kufunga ng'ombe, akawaacha mmekodoa macho. Sasa mnauliza kigae na maharage vina undugu gani. Sogeeni basi, na huyo mwenye miguu mirefu aikunje asije akapindua ungo wangu wa mchicha. Ziko methali zilizotoka vitani, na ziko zilizotoka kwa watemi. Hii imetoka bafuni. Msicheke. Ilianza hivi.

Huko Usangi, juu katika milima ya Upare, alikuwako fundi wa vigae aliyeitwa Senkondo. Alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, mwenye kidole gumba kilichopinda kwa kushika mwiko miaka mingi. Sakafu zake zilijulikana. Ukimwaga maji pembeni, yalijua yenyewe njia ya kwenda kwenye tundu, huna haja ya kuyasukuma kwa fagio. Kuta zake nazo zilinyooka hata ukiweka pima maji unaona haya kwa kumtilia mtu shaka.

Kasoro yake ilikuwa moja. Senkondo alipenda sifa kama nyuki anavyopenda ua. Kila alipobandika kigae cha mwisho, hakukusanya vifaa kwanza, wala hakunawa. Aliwaita watu wote wa nyumba hiyo waje waone. Wakishafika, alikigonga kigae kwa konzi, ko, ko, ko, akasema, "Sikieni wenyewe, hakuna mvungu!" Akina mama walipiga vigelegele, na fundi akaletewa paja la jogoo kwenye sinia. Siku hizo huko kwao, kazi ya fundi isiyopigiwa kigelegele ilikuwa kama mtoto asiyepewa jina. Yupo, anapumua, lakini mtamwitaje? Senkondo hakuwahi kuondoka kwenye nyumba ya mtu bila kigelegele chake, na siku zote alikipata siku ile ile aliyomaliza.

Katika kijiji hicho hicho aliishi mjane mmoja, Mama Namkunda. Marehemu mumewe alimjengea nyumba nzuri ya matofali, na ndani yake akaweka bafu. Tangi la maji alilipandisha juu ya hilo bafu, kwa hiyo dari yake haikuwa ya mbao kama vyumba vingine, ilikuwa zege tupu, imepakwa rangi ya mafuta ya samawati. Sasa Usangi nayo mnaijua kwa baridi. Mwezi wa sita ukungu unaingia mpaka mlangoni kama mgeni asiyebisha hodi. Nani ataoga maji baridi? Watu wanachemsha, wanachanganya kwenye ndoo, mvuke unapanda darini. Miaka ikapita, ile rangi ikaanza kuvimba vimba kama ngozi iliyoungua, halafu ikawa inabanduka na kuanguka vipande vipande.

Watu wa nyumba walishazoea. Walioga wakiwa wameinama. Lakini Namkunda, binti wa nyumba, alipata mchumba, na mchumba mwenyewe alikuwa kijana wa Rombo, Mchaga. Mpare na Mchaga ni watani tangu enzi, hakuna asiyejua. Siku ndugu zake walipokuja kujitambulisha, walikuja na shangazi wa huyo kijana, Shangazi Manka.

Shangazi Manka alikuwa mama mnene mwenye mvi nyeupe na sauti inayovuka bonde. Alipewa maji ya moto akaoge, akaingia akiimba. Alipotoka hakuwa akiimba. Mvi zake zote zilikuwa na madoa ya samawati.

"Jamani Wapare!" alipaza sauti sebuleni. "Nimeingia kuoga nimetoka nimepakwa rangi! Ndiyo mapokezi yenu haya? Makande mnatubania, hata dari nayo inatutemea mate?"

"Shangazi, samahani sana," alisema Mama Namkunda, huku akimpangusa kichwa kwa upindo wa kanga.

"Usinipanguse, acha nikawaonyeshe Rombo! Siku ya kumuaga binti nitarudi, na nitaoga humu humu. Lakini nitakuja na mwavuli. Sikiliza mkwe wangu, nitaoga chini ya mwavuli, na nikitoka nitatunga wimbo."

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, na Mama Namkunda naye alicheka. Ila wageni walipoondoka, alikwenda akaketi jikoni, akashika tama. Utani wa watani hauumi siku unaposemwa. Huuma ukishaganda. Namkunda angekwenda kuishi Rombo, na akifika tayari ana wimbo mgongoni, ataitwa binti wa dari inayobanduka mpaka awe na wajukuu. Mama Namkunda hakutaka mwanawe aingie nyumba ya watu na jina hilo.

Kesho yake alimwita Senkondo. Fundi alitazama juu, akakwangua kidogo kwa ukucha, akatikisa kichwa.

"Ukipaka rangi itabanduka tena, mama. Hapa dawa ni vigae. Dari yote, nyeupe pee. Mvuke ukipanda utakutana na kigae, unapangusa kwa kitambaa, basi."

"Umewahi kubandika darini, fundi?"

Hapo Senkondo alikohoa kidogo. Hakuwahi. Lakini hakulisema hilo. Alisema, "Kigae ni kigae, mama."

Sherehe ya kumuaga binti ilikuwa Jumamosi. Kazi ilianza Jumanne. Senkondo alikuja na saidia fundi wake, Naetwe, mama wa watoto wanne, mwenye mikono ya kuchanganya zege na ulimi mfupi usiozunguka. Kabla ya kurudi kijijini, Naetwe alifanya kazi miaka saba Arusha kwenye majengo ya ghorofa, akibeba zege na kushika mirunda, ile miti ya kutegemezea zege bichi lisianguke. Alijua vitu vinavyokaa juu. Senkondo alijua vitu vinavyokaa chini.

Walianza kubishana kabla hata jua halijapanda. Mama Namkunda aliwatolea vigae vilivyobaki alipotengeneza sebule, vikubwa kama masinia.

"Hivi ndivyo vya kuweka juu?" aliuliza Naetwe.

"Vipo tayari, tusimtie mwenye nyumba hasara," alijibu Senkondo.

"Kaka, hata hereni ikiwa nzito huchana sikio. Tafuta vyepesi."

Senkondo alikinyanyua kimoja juu ya kichwa chake, akakishikilia kidogo, kikamlemea. Alikirudisha chini. Mchana walitumwa watu Mwanga mjini, wakarudi na vigae vidogo vyeupe, vyembamba kama biskuti.

Halafu fundi akageuza ndoo, akapanda juu yake ili akwangue rangi. Alikuwa amezoea kazi ya kupiga magoti, na kupanda kwake kulikuwa huko tu, juu ya ndoo. Naetwe alisubiri ashuke kuchukua patasi, akaichukua ile ndoo, akaenda kuchotea maji. Fundi aliporudi hakukuta pa kusimama.

"Ndoo yangu iko wapi?"

"Inafanya kazi ya ndoo," alisema Naetwe. "Njoo unisaidie mbao hizi. Sakafu ya bafu inateleza, na wewe shingo utakuwa umeigeuzia juu, hutaona miguu yako. Ukianguka hapa, utaagwa wewe Jumamosi badala ya binti."

Wakatengeneza jukwaa la mbao, pana, fupi, lisiloyumba. Senkondo alinung'unika kwamba jukwaa la kuimbia kwaya halina mbao nyingi hivyo, lakini alipopanda alikuta anaweza kutembea huku na huku akitazama juu bila kujishika popote, akaanza kukwangua. Dakika kumi baadaye alipata kipande cha rangi jichoni. Aliposafishwa na kuacha kulia, Naetwe alimvalisha miwani ya kijana mmoja wa bodaboda, ile mikubwa ya kuzuia vumbi. Watoto wa jirani walipita dirishani wakasema, "Shikamoo, bundi."

"Marahaba," alijibu Senkondo, kwa sababu heshima ni heshima.

Walikwangua rangi yote mpaka zege likaonekana. Naetwe alishika nyundo na patasi akalidonoa donoa zege lote, kama kuku aliyeachiwa uwanja wa mpunga, ili gundi ipate mahali pa kung'ata. Jumatano waliosha vumbi wakaacha pakauke. Naetwe alitaka wabandike kigae kimoja tu siku hiyo, wakitegemeze, wakiache mpaka kesho waone.

"Kwa nini kimoja?" aliuliza Senkondo. "Nimebandika vigae tangu hujaolewa."

"Sakafuni."

"Na ukutani!"

"Ukutani kigae kinaegemea. Huko juu kitaegemea nini?"

Senkondo alikataa. Alikuwa anafikiria Alhamisi, siku ya kumaliza, na jogoo mwekundu aliyemwona akifungwa kamba nyuma ya jiko.

Alhamisi walifanya kazi vizuri kuliko siku zote. Fundi alianzia katikati, akaenda akizunguka. Gundi aliipaka darini kwa mwiko wenye meno, akaipaka na mgongoni mwa kigae, akakikandamiza huku akikizungusha kidogo, kama unavyozungusha mwiko wa ugali kabla haujatulia. Kila safu ikimalizika, Naetwe aliinua ubao uliofungwa blanketi kuukuu, akauegemeza kwenye vigae, akasimamisha mrunda chini yake na kuubana kwa kabari. Saa kumi jioni kigae cha mwisho kikakaa mahali pake.

Naetwe akasema, "Sasa tunafunga mlango. Kesho saa kama hii tunafungua." Akabeba ndoo na mwiko, akaenda kuosha kwenye bomba nyuma ya nyumba.

Senkondo akabaki peke yake bafuni. Akatazama juu. Hakuona kigae hata kimoja. Aliona mbao, mablanketi na mirunda. Kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya ilikuwa imefunikwa kama sufuria. Na mlangoni akasikia kandambili zinakuja.

Mama Namkunda alikuja na sinia. Nyuma yake walikuja majirani wawili, midomo tayari. Walipochungulia, midomo ikafunga.

"Fundi," alisema jirani mmoja, "umebandika vigae au umepanda msitu?"

"Viko juu yake," alisema Senkondo.

"Tunakuamini," alisema jirani wa pili, kwa sauti ya mtu asiyeamini.

Hakuna kigelegele. Paja la jogoo lilikuwa likitoa harufu ya vitunguu na limau, na mwenye sinia hakujua amkabidhi sasa au arudi nalo. Fundi alihisi kama mtu aliyevaa nguo mpya halafu umeme ukakatika.

"Hebu tuonyeshe hata kidogo," alisema Mama Namkunda, kwa kumhurumia. "Kijisehemu tu."

Basi, wanangu, mtu akiombwa kile ambacho moyo wake ulikuwa unakiomba tangu asubuhi, atakataa? Senkondo alipanda jukwaani. Aligonga kabari moja, mrunda ukalegea. Akashusha ubao mmoja na blanketi lake, na safu ya katikati ikatokea, nyeupe, imenyooka, inang'aa kama meno ya mtoto. Majirani wakapiga kigelegele mpaka mbuzi wakaitika. Mama Namkunda alijisahau, akaingia ndani na sinia lake ili aone vizuri.

Na fundi, kwa mazoea ya miaka yote, akainua konzi. "Sikieni wenyewe," alisema, "hakuna mvungu!"

Ko. Ko.

Konzi la tatu halikulia ko. Kigae kilitoka darini, kikapita sikioni mwa Mama Namkunda, kikamchana kilemba, na kutua kwenye sinia, puu! Mchuzi ukaruka ukutani. Mama Namkunda aligusa kilemba kilichochanika, akatazama vidole vyake. Havikuwa na damu. Upana wa vidole viwili tu, na hadithi hii isingekuwa ya kuchekesha.

"Tokeni!" alipiga kelele Senkondo. "Tokeni nje wote!" Maana aliona vigae vinne vingine vinaanza kusogea. Alitanua viganja vyote viwili, akavishika kwa nguvu palepale, mikono juu, kichwa juu, kama mtu anayebeba nyumba. "Naetwe! Dada Naetwe!"

Naetwe alikuja mikono ikichuruzika maji. Alimtazama fundi, akatazama ubao ulioshushwa, akamtazama Mama Namkunda na kilemba chake. Alipoona hakuna aliyeumia, ndipo alipoanza kutafuta kabari, na hakuwa na haraka nyingi.

"Kaka, unafanya nini?"

"Shika ubao, dada!"

"Nauliza tu. Nani amekuja akashusha ubao wangu?"

"Mimi."

"Na nani amegonga?"

"Mimi. Mikono inakufa ganzi!"

"Itulie hapo hapo. Sasa niambie, kigae cha sakafuni ukikimaliza kinafanya nini?"

"Kinakaa."

"Kinalala, kaka. Kimelala chini, aliyelala chini hadondoki. Na huyu wa juu?"

Senkondo alivitazama vigae viganjani mwake. "Ananing'inia."

"Ananing'inia, na gundi bado ni uji. Mwache alale kwanza na tegemeo lake. Akiamka bado yuko juu, hapo ndipo umsifu." Ndipo Naetwe alipoinua ubao, akausukuma mahali pake, akabana kabari. Senkondo akashusha mikono yake polepole kama si yake.

Nje, jirani mmoja alikuwa akijaribu kukibandua kile kigae kutoka kwenye paja la jogoo. Hakikubanduka.

"Angalau hicho kimeshika," alisema Naetwe.

Hapo ndipo kicheko kilipowatoka, hata Mama Namkunda mwenyewe. Senkondo hakucheka. Alimwendea mwenye nyumba akasema, "Mama, nisamehe. Nilitaka sifa, nikaweka kichwa chako chini yake." Mama Namkunda alimjibu kwamba kilemba hushoneka, kichwa hakishoneki, kwa hiyo Mungu amechagua vizuri.

Ijumaa alfajiri walirudi. Vile vigae vilivyolegea walivitoa, wakakwangua gundi, wakapaka mpya, wakabandika na kutegemeza. Walipomaliza, saa ya ukutani sebuleni iligonga saa nne. "Mpaka saa nne kesho," alisema Naetwe. Safari hii fundi ndiye aliyefunga mlango, na ufunguo akautia mfukoni.

Jumamosi saa mbili asubuhi, ukungu haujainuka, gari la wakwe likapiga honi getini. Walikuwa wamelala Mwanga mjini kwa ndugu yao, hawakuwa wageni wa kuchelewa. Wa kwanza kushuka alikuwa Shangazi Manka. Mkononi alikuwa na mwavuli mweusi, mkubwa, wa wanaume.

"Wapare, hamjambo! Maji ya moto yako wapi? Nimepigwa na baridi ya milima yenu na nina wimbo nusu, nusu yake iko bafuni."

Mlangoni pa bafu alimkuta Senkondo amekalia ndoo iliyogeuzwa.

"Shikamoo, shangazi," alisema fundi. "Bafu halijafunguliwa. Saa nne."

"Marahaba. Saa nne? Mtani wangu, unalinda bafu kama benki! Kuna nini humo, au mmeficha makande?"

"Kuna dari mpya. Bado imelala."

Shangazi Manka aligeuka kuwatazama wenzake. "Mmesikia? Kwa Wapare hata dari inalala mpaka jua lipande!" Wachaga wakaangua kicheko, na wimbo ukaanza kunong'onwa.

Mama Namkunda alikuja mbio kutoka jikoni, akamvuta fundi pembeni. "Fundi, nakuomba. Toa tu hiyo miti. Vimeshakaa usiku kucha. Hivi unavyomzuia mlangoni ndiyo wimbo wenyewe anaupata."

"Mama, jana nilikusikiliza kwa sababu moyo wangu ulikuwa na njaa," alisema Senkondo. Alikosea, ilikuwa juzi, lakini aliihisi aibu yake kama ya jana. "Leo kichwa kitakachokaa pale chini si chako hata uniruhusu. Ni cha mgeni."

Shangazi Manka alikuwa na masikio marefu. Alisogea, akainamisha kichwa, akasema kwa sauti tamu, "Fundi, nasikia unapenda vigelegele. Mimi nikipiga, Rombo wanafungua madirisha. Fungua sasa hivi, nikupigie kimoja hujawahi kupigiwa."

Dari nzima ilikuwa nyuma ya mgongo wa fundi, nyeupe, imenyooka. Senkondo alimtafuta Naetwe kwa macho. Naetwe alikuwa amesimama kando na kabari mkononi, na kwa mara ya kwanza wiki hiyo alimwachia aamue mwenyewe.

"Kiweke, shangazi," alisema Senkondo. "Kigae cha dari husifiwa asubuhi."

"Na sasa ni lini? Jogoo si amewika?"

"Asubuhi ya jogoo imefika. Ya kigae bado."

"Na nikifika hiyo saa nne sina hamu tena ya kukupigia?"

Fundi alirudi akakaa vizuri juu ya ndoo yake. "Nitakwenda nyumbani bila."

Shangazi Manka aliomba kiti, akaketi mbele yake, mwavuli magotini, na wote wawili wakangoja. Akamtania kuhusu Wapare wanaopenda kesi, naye akamjibu kuhusu Wachaga wanaohesabu matone wakioga. Chai ikaletwa. Ukungu ukainuka.

Saa ya sebuleni ilipogonga saa nne, Senkondo alisimama, akavaa miwani yake ya bundi, akaingia peke yake. Watu wote aliwaacha nje. Alilegeza kabari moja, akangoja. Nyingine, akangoja. Alishusha mbao zote, huku Naetwe akizipokea mlangoni. Kisha alikigonga kila kigae kwa mpini wa mwiko, kuanzia ukuta hadi ukuta, na watu nje walisikia ko, ko, ko, ko, mpaka mwisho, hakuna kilichobadilisha sauti. Akatoka.

"Karibu, shangazi."

Shangazi Manka akaingia na ndoo ya maji ya moto na mwavuli wake. Mvuke ukatoka dirishani. Wimbo ukaanza, ukaendelea, halafu ukakatika ghafla. Mama Namkunda akashika mkono wa Naetwe. Kisha wakasikia maji yakimwagwa tena, na mtu akiguna.

Alitoka mvi zikiwa safi, nyeupe kama pamba. Mwavuli ulikuwa umefungwa, haujaguswa na tone.

"Nimetazama juu mpaka shingo imeniuma," alisema. "Nimetafuta la kusema, sikuliona. Kwangu huo ni msiba." Akautundika mwavuli kwenye msumari wa mlango wa bafu. "Huu nawaachia. Ni faini yangu."

Halafu akavuta pumzi, akampigia Senkondo kigelegele. Wanaosimulia wanasema ng'ombe wa bonde la pili walisimama kula. Sinia likaja na paja la jogoo, na fundi akalichukua, akaligawa kwa mkono wake, kipande kikubwa akampa Naetwe.

Jioni kwenye sherehe, msema chochote alimwita Shangazi Manka asimame amsifu bibi harusi mbele ya watu, kama ilivyo desturi. Alisimama, akamtazama Namkunda kuanzia kilemba hadi viatu, akatabasamu.

"Ni mzuri," alisema. "Lakini leo nimefundishwa na fundi. Kigae cha dari husifiwa asubuhi."

Ukumbi mzima ulicheka, Namkunda kuliko wote, na neno hilo likashuka mlima na wageni siku hiyo hiyo. Wachaga walilipeleka Rombo, Wapare wakabaki nalo, kila mmoja akisema ni lake.

Baada ya mwaka mmoja na miezi kadhaa, Shangazi Manka alipanda tena Usangi, na mkungu wa ndizi kichwani. Hakusema hodi. Alisimama uani kwa Mama Namkunda akapiga kigelegele mpaka watu wakatoka majumbani wakidhani kuna harusi. "Mkwe wangu," alisema, "kwa binti yako asubuhi imefika, amekaa kwetu na hajatikisika. Nimekuja kumsifu." Akaingia ndani, akaomba maji ya moto, na mwavuli aliukuta pale pale kwenye msumari.

Kwa hiyo maharage yenu nimeyaona, yamechipua vizuri, yamesimama mistari. Mvua ya wiki ijayo hayajaiona, wala funza, wala mbuzi wa jirani. Kesho mkayapalilie. Vigelegele viwekeni, tutavipiga tukishapukuchua.

Kigae cha dari husifiwa asubuhi.